Kabla ya Kuihukumu Betri

Mvumi ninayoiandikia ni ile ya Wilaya ya Kilosa, mkoani Morogoro, si Mvumi ya Chamwino wanayoijua watu wa Dodoma. Ni nchi ya mahindi na mpunga, ya wakulima na wafugaji. Magari si mengi, na yaliyopo yamekwisha kula miaka: Land Cruiser zilizopita mikononi mwa wamiliki kadhaa, Canter za kubebea mazao, Noah za kupakia abiria wa mnadani. Masika yakiingia, kati ya Machi na Mei, njia za mashambani zinakuwa tope na magari hulala uani siku baada ya siku. Ndipo ugonjwa unapojitokeza. Gari lililozimwa Jumatatu likiwa halina neno, Ijumaa ukizungusha ufunguo taa za dashibodi zinafifia, starta inagonga mara moja, basi.

Waliosimama pale wote husema jambo moja: betri imekufa.

Kauli hiyo nimeisikia tangu utotoni, na sina ugomvi nayo kwa sababu ni ya kweli. Imekufa. Lakini kumtaja aliyekufa si kumtaja aliyeua, na sisi huridhika upesi na nusu ya kwanza ya habari. Genge likifilisika tunasema mwenyewe hajui biashara, na daftari la majirani waliokopa unga na sukari halifunguliwi na mtu. Anayeanguka mbele ya macho yetu ndiye anayebeba lawama. Anayekula gizani hatumwoni, kwa hiyo hatumwulizi.

Gari ukilizima, halizimiki lote. Saa inaendelea kuhesabu, redio inatunza stesheni zake, alamu inasikiliza milango. Haya ni matumizi halali, na mafundi umeme wa magari wanayaruhusu mpaka kama miliampea 50. Kwa betri ya ampea-saa 70, kiasi hicho ni ampea-saa 1.2 kwa siku. Gari linaweza kulala karibu mwezi mzima na betri ikabaki na nusu yake. Sasa weka nusu ampea badala ya hizo miliampea 50. Hapo zinaondoka ampea-saa 12 kila siku, na siku ya tatu haijaisha nusu ya betri imekwenda. Injini ya dizeli ya zamani, yenye pistoni nzito za kusukumwa asubuhi ya baridi, haitaamka. Na nusu ampea si kitu kikubwa. Taa moja ya wati 5 iliyosahauliwa inakaribia kabisa kiasi hicho. Bandu bandu huisha gogo, walisema wazee, nao hawakuwa na mita.

Kinachofanya ugonjwa huu uwe mgumu kuushika ni kwamba gari linalotembea kila siku huuficha. Alteneta ikizunguka hutoa kati ya volti 13.8 na 14.4, na inarudisha mchana kilicholiwa usiku. Kwa hiyo hitilafu inaweza kukaa ndani ya gari miaka, ikilipiwa kimya kimya kwa mafuta ya safari za kila siku, mwenye gari asijue kwamba ana deni. Mvua haikuleta kitu. Ilisimamisha malipo tu.

Niseme sasa jambo ambalo huenda litawachoma baadhi ya ndugu zangu wa Mvumi. Starta ikigoma, watu huacha walichokuwa wanafanya na kuja kusukuma. Anakuja muuza chipsi, vijana wa bodaboda, wanafunzi waliokuwa wanapita. Dizeli ya zamani yenye pampu isiyotegemea kompyuta inakubali: gia ya pili, klachi inaachiwa, moshi mweusi, kelele za furaha. Hakuna anayedai senti. Naupenda utu huo kwa moyo wangu wote na sitaki upungue hata kidogo. Ila nimeona namna unavyoweza kugeuka kuwa maficho. Dereva anajifunza kupaki mahali penye mteremko, pua ya gari ikitazama chini. Vijana wanajua saa ya kuja. Hata mke wa dereva anajua kwamba safari ya alfajiri inahitaji watu wanne. Mwaka unapita, na kijiji kizima kimejipanga kulizunguka vujo la nusu ampea ambalo hakuna aliyewahi kulitafuta. Msaada wa kweli una hatua ya pili. Injini ikishawaka, mmoja wetu abaki pale aulize kwa nini ilikataa.

Na swali hilo si la mwenye gari peke yake, kwa sababu gari la kijijini si la mwenyewe peke yake. Hajasaini mkataba na mtu, lakini nyumba zote za jirani zimeliweka katika hesabu zao. Mama akishikwa na uchungu saa nane usiku, mtoto akipandwa na homa ya degedege, kinachofikiriwa kwanza ni lile gari la fulani, na Hospitali ya Wilaya iko Kilosa mjini. Saa nane usiku hakuna vijana wa kusukuma. Kwenye tope la Aprili hata wakiwepo, gari halisukumiki. Kwa hiyo ninapoona mtu mwenye gari kijijini akizoea betri inayolala, siwezi kuona ni shauri lake mwenyewe.

Mjomba wangu ana Land Cruiser ya dizeli, ya zile za zamani zenye boneti ya kona nne. Betri yake ilipoanza kulala, ilihukumiwa siku hiyo hiyo. Iliuzwa kwa kilo kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, na fedha ya mpunga ikanunua mpya. Mpya nayo ikaanza kulala. Fundi wa kwanza akasema mjomba kauziwa feki, muuzaji akasema fundi ndiye aliyeiharibu, na kati ya hao wawili hakuna aliyekuwa amepima kitu chochote.

Fundi wa pili alikuwa kijana kutoka Dumila.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Umekuja na betri?”

“Hapana, mzee. Nimekuja na mita. Naomba unipe mpaka kesho.”

Alichofanya kwanza ndicho kilichonifanya nitake kuandika haya. Aliichaji betri mpaka ikajaa, akaifungua kutoka kwenye gari, akaiweka juu ya ubao barazani, akaondoka. Betri ikabaki peke yake usiku kucha. Asubuhi akaipima: volti 12.6. Betri nzima iliyojaa na kutulia hukaa hapo au juu yake kidogo. Ikiwa 12.2 imebaki kama nusu, na ikiwa 12.0 imebaki na robo tu. “Mzee, hii haina kosa,” alisema. “Ikiwa peke yake hailali.” Mshtakiwa alitengwa na nyumba anayodaiwa kuiangusha, akasikilizwa kwanza yeye. Ni jambo dogo, halikugharimu chochote isipokuwa usiku mmoja wa subira, na lilikuwa limerukwa na kila mtu aliyemtangulia.

Akairudisha, akawasha injini, akapima tena. Volti 14.1, alteneta inachaji. Akazima. Kisha akalegeza kichwa cha hasi cha betri na kuiweka mita katikati, kati ya betri na waya wake, ili umeme wote unaotoka upite ndani ya mita kwanza. Alitupatia masharti. Mtu asiguse ufunguo, kwa sababu mita ile inabeba ampea 10 na starta inavuta mamia. Mtu asifungue wala kufunga mlango. Mlango wenyewe alikuwa ameuacha wazi na kukibana kitufe chake kwa kipande cha mti, taa ya ndani izimike, gari liamini limefungwa. Maana ugonjwa huu hutokea gari likiwa limelala, na ukija na pupa unaliamsha, ukapima kitu kingine kabisa. Magari mapya yenye kompyuta huhitaji hata nusu saa au zaidi kabla hayajatulia. La mjomba lilitulia mara moja, na mita ikaandika 0.62.

Mjomba alitaka kukata shauri pale pale. “Ni hiyo alamu. Ing'oe.”

“Tusiikisie, mzee,” kijana alijibu kwa upole. “Tuiulize.”

Akaanza kuchomoa fyuzi, moja moja. Anachomoa, anatazama mita, namba haijabadilika, anairudisha mahali pake, ndipo anakwenda kwenye inayofuata. Huko kurudisha nilikutazama sana. Nimewaona mafundi wakichomoa fyuzi zote na kuzimwaga kwenye kiti, na jioni gari linaondoka na honi iliyokufa na taa ya breki isiyowaka. Hapa aliyeonekana hana hatia alirudishiwa nafasi yake kabla mwingine hajaguswa. Ni kanuni ya ufundi, lakini mimi naiona pia kuwa kanuni ya haki, na ningefurahi kuiona ikifuatwa kwenye vikao vyetu vya ukoo pale kitu kinapopotea nyumbani.

Fyuzi ya taa ya ndani ilipotoka, mita ilishuka mpaka 0.02.

“Basi ni taa,” mjomba alisema. Lakini taa ilikuwa imezima, wote tuliiona. Kijana alieleza kwamba kwenye Toyota nyingi fyuzi hiyo hailishi taa peke yake. Inalisha saa, na kumbukumbu ya redio pia. Fyuzi inaonyesha njia, haimtaji mtu. Akaifuata njia mpaka nyuma ya redio, akakuta nyaya zilizosokotwa na kufungwa kwa mkanda mweusi uliokwisha kukauka, na kutoka hapo waya mwembamba wa bluu ulioingia chini ya kapeti mpaka chini ya kiti cha abiria. Huko kulikuwa na ampi ya muziki. Akaweka kiganja juu yake, akamwita mjomba naye aweke chake. Gari lilikuwa limezimwa tangu asubuhi, redio haikutoa sauti, na ampi ilikuwa ya moto.

Ampi ile ilifungwa miaka mingi nyuma na binamu yangu, kwa mapenzi, ili mjomba asikilize dansi vizuri katika safari ndefu za kupeleka mazao. Umeme wake mkubwa iliuchukua moja kwa moja kwenye betri, kama inavyopaswa. Lakini ule waya mwembamba unaoiambia amka au lala ulikuwa umeungwa kwenye waya wa redio ambao daima una moto. Hakukuwa na kitu cha kuiambia lala. Ilikesha kila usiku kwa miaka, bila kuimba, ikila kiasi cha ampea-saa 14 kwa siku.

Kijana hakusema neno baya juu ya aliyeifunga. Aliuhamisha waya wa bluu kwenye ncha yake sahihi ya redio, ile inayopata umeme redio inapowashwa tu, akaufunga kwa mkanda mpya. Mita ikasoma 0.03. Ampi ilibaki pale pale, na inaimba mpaka leo. Nimelitafakari hilo zaidi ya mengine yote. Tulikuwa tunatafuta mwizi, tukamkuta mgeni aliyekaribishwa kwa heshima na asiyewekewa mpaka. Katika nyumba nyingi ninazozijua, kinachomaliza nguvu za watu hakikuingia kwa ubaya. Ni mchango wa harusi ulioanzishwa kwa upendo na haukupangiwa mwisho, ni ndugu aliyekuja kwa wiki moja, ni simu ya kazini inayopokelewa usiku kwa sababu mara ya kwanza ilikuwa dharura. Kukitambua si lazima kuwe kukifukuza. Kinaweza kuhitaji tu kuungwa mahali pengine.

Si kila mara njia huwa nyoofu hivi. Diodi ndani ya alteneta ikivuja, unaweza kuchomoa fyuzi zote na namba isishuke, mpaka ufungue ule waya mnene wa nyuma ya alteneta yenyewe. Maji nayo yana hila yake. Mafuriko ya Januari 2014 yalipoikata barabara ya Morogoro na Dodoma pale Dumila, tuliona kwa macho jinsi nchi hii tambarare inavyoweza kumezwa na maji kwa usiku mmoja. Gari lililokunywa tope huota ukungu wa kijani kwenye soketi za nyaya, na rilei zake huanza kunasa, na ugonjwa unaweza kuja miezi baada ya gari kukauka na mwenyewe kusahau.

Lakini lililonisikitisha kuliko yote niliwahi kuliona kwenye Canter. Canter nyingi zilizotoka Japani hutumia volti 24, yaani betri mbili za volti 12 zilizoungwa kwa kufuatana. Dereva anataka redio ya kawaida, ya volti 12. Njia rahisi ni kuvuta waya kutoka betri moja tu kati ya mbili, na inafanywa kila siku. Betri hiyo moja inalisha redio usiku kucha huku mwenzake akipumzika. Asubuhi alteneta inazichaji zote mbili kwa pamoja, bila kujua kwamba moja ina njaa na nyingine imeshiba. Iliyoshiba inachajiwa kupita kiasi mpaka maji yake yanachemka na kukauka, na yenye njaa haijazi kamwe. Zinakufa zote mbili, moja kwa kukosa na moja kwa kuzidishiwa, na dereva anakwenda dukani kununua mbili mpya na kuvuta waya ule ule. Kifaa cha kushusha volti 24 kuwa 12, kinachochukua sawasawa kutoka zote mbili, kipo madukani. Kinachokosekana ni mtu wa kuuliza kwa nini betri ya kushoto ndiyo hutangulia kila mara.

Betri hizi zilizohukumiwa bila kusikilizwa huenda wapi? Tangu Mfaransa Gaston Planté alipoibuni mwaka 1859, betri ya aina hii moyo wake ni risasi. Ndani ya betri ya kawaida ya gari dogo kuna kama kilo 10 za risasi, na risasi haiozi wala haipotei. Mtu lazima aiyeyushe. Pale Owino Uhuru, kitongoji cha Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kilifanya kazi ubavuni mwa nyumba za watu, na risasi ikaingia katika damu ya watoto. Phyllis Omido, mama aliyekuwa ameajiriwa kiwandani humo, aligundua kwamba mwanawe mwenyewe ameathirika, akaanza kupiga kelele. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014, na mwaka 2015 Omido akapewa Tuzo ya Goldman ya mazingira. Mahakama ya Mombasa iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya mwaka 2020. Mahakama ya Rufani ikaiondoa fidia hiyo, na Mahakama ya Juu ikairejesha Desemba 2024. Ninapokumbuka mambo hayo, kubadilisha betri nzima kwa uvivu wa kutopima hakunionekei tena kama hasara ya mfuko wa mtu mmoja. Betri isiyostahili kufa ikifa mapema, risasi yake inatafuta mahali pa kwenda, na mara nyingi inakwenda kwa wasio na gari kabisa.

Ilibaki kazi ya malipo, na hapo nilimwona mjomba akipambana na nafsi yake. Kijana alitaja bei ya ufundi wake. Mjomba akatazama ule waya wa bluu.

“Mwanangu, si umehamisha waya mmoja tu?”

Alikuwa ameilipia betri mpya bila kusita, kwa sababu betri inabebwa, ina uzito, mtu anarudi nayo nyumbani. Huku alikuwa anaombwa alipie kitu kisichoshikika: usiku mmoja wa kusubiri, asubuhi nzima ya kukataa kukisia. Hivi ndivyo tulivyo wateja wengi. Fundi anayeuza kitu tunamlipa, fundi anayetafuta tunamwona hajafanya kazi. Kisha tunalalamika kwamba mafundi ni waongo, kila ukiwapelekea gari wanakuambia nunua hiki, badilisha kile. Sisi ndio tuliowafundisha. Vijana wanatoka vyuoni, VETA Mikumi haiko mbali na sisi, wakiwa wamefundishwa kupima. Wakifika mitaani, malipo yetu yanawafundisha upya: mwenye mita analala njaa, mwenye betri za kuuza anajenga. Uaminifu wa fundi ni wa fundi, sikatai, lakini mteja ana mkono katika kuulisha au kuuua.

Kijana hakubishana. Alisema tu, “Mzee, waya ni bure. Nilichokuuzia ni kuujua.”

Mjomba alikaa kimya kitambo, kisha akaomba risiti. Kijana akaandika “kuunga waya 1” na kiasi cha fedha. Mjomba akaisoma, akamrudishia karatasi na kalamu. “Hapana,” alisema. “Andika ulichofanya.” Kijana akakata mstari ule, akaandika chini yake: kutafuta hitilafu ya umeme. Mjomba akahesabu fedha yote, bila kuomba apunguziwe, na risiti ile akaiweka kwenye bahasha moja na kadi ya gari.